Mary Robinson, rais asiyetawala

Oktoba 2025, Ireland ilipomchagua Catherine Connolly kuwa rais wake wa kumi, kundi letu la WhatsApp lilichangamka kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliuliza kama Mfalme Charles ameridhia. Mwingine akataka kujua waziri mkuu aliyekuwapo amepelekwa wapi. Wa tatu, ambaye huwa hakosi jibu, akasema kwani huyo mama si mgeni, ndiye yule aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa huku Maziwa Makuu. Nikaona vitu vitatu vimetiwa sufuria moja: nchi, cheo na mtu.

Mtu aliyekuwa akimkumbuka ni Mary Robinson, rais wa saba wa Ireland, aliyekaa kitini kuanzia Desemba 1990 hadi Septemba 1997. Nimeamua kumweleza yeye, maana ukimfuata Robinson unajikuta umepita kila mahali watu wanapopotelea. Alikuwa rais bila kutawala. Alishinda uchaguzi ambao kwenye hesabu ya kwanza alikuwa wa pili. Na mengi anayosifiwa nayo aliyafanya kabla hajawa rais.

Ireland ipi, na rais wa namna gani

Kisiwa ni kimoja, nchi ni mbili. Kaunti 26 ndizo Jamhuri ya Ireland, makao makuu Dublin, nchi huru isiyo na mfalme, tena iliyojitoa hata kwenye Jumuiya ya Madola mwaka 1949. Kaunti sita za kaskazini-mashariki ndizo Ireland ya Kaskazini, makao makuu Belfast, nazo zimo ndani ya Ufalme wa Muungano pamoja na Uingereza. Mfalme Charles ni wa hizo sita. Robinson alikuwa rais wa zile 26, na Connolly vilevile.

Sasa neno lenyewe, rais. Kwetu, iwe Tanzania au Kenya, rais ni mkuu wa nchi na papo hapo mkuu wa serikali. Ireland kazi hizo wamegawana watu wawili. Serikali inaongozwa na waziri mkuu, ambaye kwa Kiairishi wanamwita Taoiseach. Litamke karibu na "tishokh", kh yake kama ya kheri. Huyo huchaguliwa na wabunge wa Dáil, lile baraza lao kubwa la bunge. Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa miaka saba, mihula miwili basi, lakini hana baraza la mawaziri la kuongoza wala bajeti ya nchi ya kupanga. Hutangaza uteuzi wa waziri mkuu, ila ni yule ambaye wabunge wameshamchagua. Hata kutoka nje ya nchi sharti serikali ikubali. Mwaka 1991 BBC ilimwalika Robinson akatoe mhadhara mkubwa uitwao Dimbleby. Waziri mkuu wa wakati huo, Charles Haughey, akakataa, na rais hakwenda. Jaribu kupata picha ya rais wetu yeyote akinyimwa ruhusa ya namna hiyo.

Basi ni pambo tu? La. Waliowahi kuwa kwenye kikoba watanielewa haraka. Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu, na kila ufunguo anakaa nao mtu tofauti. Mtunza ufunguo hagawi mikopo wala hapangi riba. Siku nyingi hana la kufanya ila kuja na ufunguo wake. Lakini ipo siku moja moja ambayo kila mtu anamwangalia yeye.

Rais wa Ireland ana funguo mbili za maana. Wa kwanza: akitilia shaka kwamba muswada unavunja katiba, anaweza kuketi na washauri wake wa Baraza la Dola, kisha akaupeleka Mahakama ya Juu kabla ya kutia saini. Robinson alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 mahakama ilibatilisha miswada miwili aliyoipeleka, na yote miwili ilihusu usawa, jambo alilolipigania tangu ujana. Mwanaharakati angesaini akafurahi. Mtunza ufunguo alitaka kwanza kujua kama sanduku linafunguliwa kihalali.

Ufunguo wa pili ni huu: waziri mkuu aliyepoteza wabunge walio wengi akiomba bunge livunjwe uitishwe uchaguzi, rais anaweza kumkatalia. Hakuna rais wa Ireland aliyewahi kukataa. Na bado ufunguo huo usiowahi kuzungushwa ndio uliochangia kumfikisha Robinson kitini, kama tutakavyoona.

Binti wa madaktari wa Ballina

Alizaliwa Mei 21, 1944, huko Ballina, mji mdogo wa kaunti ya Mayo, magharibi kabisa. Jina la ubini Mary Bourke. Baba daktari, mama daktari, na yeye msichana pekee katikati ya kaka na wadogo wa kiume wanne. Familia ya Kikatoliki hasa.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu bila kuijua Ireland ile huwezi kuona uzito wa alichofanya. Alipotaka kusoma sheria Trinity College, chuo cha Dublin kilichokuwa na asili ya Kiprotestanti, wazazi wake walilazimika kuomba kibali kwa Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid. Mkatoliki kusoma Trinity bila kibali cha askofu mkuu lilikuwa kosa mbele ya kanisa. Mwanamke aliyeajiriwa serikalini akiolewa aliacha kazi; sheria hiyo iliondolewa mwaka 1973. Talaka ilikatazwa na katiba yenyewe. Kuuza au kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba, kama kondomu, kulikatazwa na sheria ya mwaka 1935.

Msichana akasoma Trinity, akaenda Harvard nchini Marekani akarudi na shahada ya uzamili mwaka 1968, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, akawa profesa wa sheria Trinity na seneta. Watu husoma hapo wakadhani familia ilikuwa na mkono serikalini. Maelezo ni mepesi zaidi. Seneti ya Ireland ilikuwa na viti vitatu vinavyopigiwa kura na wahitimu wa Trinity peke yao. Hakuhitaji chama wala fedha za kuzunguka mikoani, alihitaji kuwashawishi wasomi wenzake kwamba si lazima viti hivyo viwe vya maprofesa wazee. Alikaa Seneti miaka 20.

Mwaka 1970 aliolewa na Nicholas Robinson, mwanasheria waliyesoma pamoja, Mprotestanti. Wazazi wake hawakuhudhuria harusi. Nadhani hilo linasema mengi kuliko takwimu yoyote ya dini. Baadaye walipatana.

Mwaka 1971, yeye na maseneta wenzake wawili walipeleka muswada wa kuruhusu uzazi wa mpango. Seneti ilikataa hata kuusoma mara ya kwanza. Maaskofu walikemea, barua za matusi zikamiminika. Sheria ya kwanza ya kulegeza ilikuja mwaka 1979, na ilimtaka hata mke na mume waende na cheti cha daktari ili wauziwe kondomu.

Bungeni akagonga ukuta, akazunguka kwa mlango wa mahakama, na huko ndiko alikokuwa hodari. Alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi iliyoangusha, katikati ya miaka ya 1970, sheria iliyowaweka wanawake kando ya baraza la mahakama, yaani wale raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Alisimama Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kumtetea mama wa Cork, Bi Airey, aliyetaka kutengana kisheria na mumewe lakini hana fedha za wakili. Mwaka 1979 mahakama ikasema haki ya kwenda mahakamani haina maana kwa mtu asiyeweza kuimudu, na Ireland ikaanzisha msaada wa kisheria kwa kesi za madai. Mwaka 1988, kwenye kesi ya David Norris, ambaye naye alitetewa na Robinson, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba sheria ya Ireland ya kuwafunga wanaume wenye uhusiano wa jinsia moja ilikiuka haki ya faragha.

Hapo katikati alijaribu siasa za kawaida. Akajiunga na chama cha Labour mwaka 1976, akagombea Dáil mwaka 1977, akaanguka. Akagombea tena 1981, akaanguka. Mwaka 1985 akajitoa chamani kwa kupinga mkataba wa Dublin na London kuhusu Ireland ya Kaskazini. Sababu yake ilishangaza wengi: Waprotestanti wa kaskazini wanaotaka kubaki na Uingereza hawakuulizwa. Yeye Mkatoliki wa Mayo ndiye aliyekuwa akiwatetea.

Sahani ya pili

Mwaka 1990 kiongozi wa Labour, Dick Spring, alimwomba agombee urais. Wengi waliona ni kujifurahisha. Tangu cheo kiwepo, chama kikubwa cha Fianna Fáil hakikuwahi kushindwa uchaguzi wa rais, na safari hii kilimsimamisha Brian Lenihan, naibu waziri mkuu, mtu aliyependwa hata na wapinzani wake. Wa tatu alikuwa Austin Currie wa chama cha Fine Gael. Robinson akaanza mapema, miezi kabla ya wenzake, akizunguka vijiji na visiwa ambavyo wagombea urais hawakuwa na habari navyo.

Kisha ukatokea mkasa wa simu, ambao mzizi wake ulikuwa wa miaka minane nyuma. Januari 27, 1982, serikali ya waziri mkuu Garret FitzGerald iliangushwa bungeni kwa ajili ya bajeti iliyotaka kutoza kodi hata viatu vya watoto. FitzGerald akaenda kwa rais wa wakati huo, Patrick Hillery, kuomba bunge livunjwe. Usiku huohuo simu zilipigwa ikulu kutoka upande wa Fianna Fáil zikimtaka Hillery akatae, ili kiongozi wao, Haughey, apewe serikali bila uchaguzi. Ndio ule ufunguo wa pili. Hillery alikataa kuzungumza nao, bunge likavunjwa, mambo yakazama.

Miaka minane baadaye, Oktoba 1990, Lenihan akiwa mgombea aliulizwa kwenye televisheni kama alipiga simu usiku ule. Akakana. Kumbe miezi michache nyuma alikuwa amemweleza mwanafunzi mmoja mtafiti kwamba alipiga, na mazungumzo yalikuwa kwenye kanda. Kanda ikachezwa hadharani. Lenihan akarudi kwenye runinga, akatazama kamera, akasema kwamba baada ya kutafakari vizuri hakupiga. Haughey alimfukuza kwenye baraza la mawaziri Oktoba 31, wiki moja kabla ya kura. Kuna waliosema dawa alizokuwa akitumia baada ya kupandikizwa ini zilimvuruga kumbukumbu. Inawezekana. Lakini aliyegombea kutunza ufunguo alionekana kama mtu aliyewahi kuunyemelea.

Halafu mwenzake chamani, waziri Pádraig Flynn, akatoboa mtumbwi uliokwisha kuvuja. Alisema redioni kwamba siku hizi Robinson amegundua ghafla mapenzi kwa familia yake, kana kwamba alikuwa mke na mama wa maonyesho. Wanawake waliokuwa hawajaamua wakaamua.

Kura zikapigwa Novemba 7. Hesabu ya kwanza: Lenihan 694,484, Robinson 612,265, Currie 267,902. Kwa utaratibu wa Tanzania, Lenihan ameshinda, tukapike pilau. Kwa Kenya, hakuna aliyevuka nusu, wawili wa juu warudi kwa wananchi. Ireland huwa wameshaulizwa swali la marudio siku ileile.

Ni kama kwa mama ntilie saa nane mchana. Hujui kilichobaki, basi unaagiza mara moja: nipe wali samaki, samaki wakiwa wameisha nipe maharage. Mpiga kura wa Ireland haweki alama ya vema, anaandika namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa atakayemfuata, na kuendelea. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa, na karatasi zake zinafunguliwa upya kutazama namba 2 ni nani. Samaki wameisha, leta sahani ya pili.

Currie akaondolewa. Kati ya karatasi zake, 205,565 zilikuwa na Robinson kama chaguo la pili, 36,789 zilikuwa na Lenihan, na 25,548 hazikuonyesha chaguo jingine. Piga hesabu: Robinson 817,830, Lenihan 731,273. Wanaosema aliibiwa Lenihan hawajakaa wakafikiri. Hakuna kura iliyohesabiwa mara mbili. Waliomtaka Currie waliulizwa, Currie asipokuwepo nani, wakajibu.

Katika hotuba ya ushindi Robinson aliwashukuru wanawake wa Ireland, akisema badala ya kutikisa susu la mtoto wametikisa mfumo.

Taa ya jikoni

Ukiwa na kiti kisicho na amri, unafanya nini? Robinson alianza na taa. Makazi ya rais, Áras an Uachtaráin, yako ndani ya bustani kubwa ya Phoenix Park, Dublin, na dirisha la jiko la ghorofani linaonekana kutoka barabarani. Akaweka taa pale, iwake daima, kwa ajili ya Wairishi waliotawanyika duniani. Kwao taa dirishani ni ishara ya zamani kwamba mgeni anakaribishwa na msafiri anangojwa. Taa haihitaji kibali cha Taoiseach. Na kila nyumba ya Ireland ilikuwa na mtu New York, London au Boston.

Mwaka 1993 alikunywa chai na Malkia Elizabeth kwenye kasri la Buckingham, rais wa kwanza wa Ireland kukutana na mfalme au malkia wa Uingereza. Mwezi uliofuata tu akaenda magharibi mwa Belfast na kumpa mkono Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama kilichohusishwa na wapiganaji wa IRA waliopinga utawala wa Uingereza, wakati ambao hata sauti ya Adams ilipigwa marufuku kusikika kwenye vyombo vya habari vya Uingereza. London walinuna, na Dublin hawakufurahi.

Oktoba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa, akatembea Baidoa na Mogadishu kwenye vituo vya kulishia watoto. Alipotoka aliongea na waandishi wa habari Nairobi. Mwanasheria yule, aliyezoea kuongea kama anayesoma hati ya kiapo, alishindwa kuzuia machozi mbele ya kamera. Binafsi naona Nairobi ndipo dunia ilipomfahamu, kuliko hata Dublin. Mwaka 1994 alikuwa mkuu wa nchi wa kwanza kufika Rwanda baada ya mauaji ya kimbari.

Kuna mambo hubebeshwa bure. Si rais mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi: Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland alimtangulia mwaka 1980. Wala si yeye aliyehalalisha talaka. Talaka ilipitishwa na wananchi kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, kwa tofauti ya kura 9,114 tu nchi nzima. Sheria ya mwaka 1993 iliyofuta kosa la mapenzi ya jinsia moja ilitungwa na bunge, yeye akatia saini. Kuna kejeli tamu hapo: wakili wa kesi ya Norris ndiye aliyekuja kuweka saini, lakini safari hii kwa kuwa kazi yake ilimtaka asaini. Na msimchanganye na Mary McAleese, aliyemrithi. Wote Mary, wote wanasheria, wote waliwahi kushika uprofesa uleule wa Trinity. McAleese ni mzaliwa wa Belfast, na alikaa miaka 14.

Septemba 1997 Robinson aliacha urais zikiwa zimebaki wiki kadhaa, akawahi Geneva kuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Baadaye alikiri kwamba kuondoka mapema lilikuwa kosa. Kwa wiki zile kiti kilishikwa na tume ya watu watatu, jaji mkuu na maspika wawili wa bunge, na nchi ikaendelea na shughuli zake. Geneva alikaa hadi 2002, akigombana na wakubwa, Marekani ikiwemo.

Sasa yule wa tatu kwenye kundi letu, aliyetaja Maziwa Makuu, alikuwa na nusu ya jibu. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma. Februari 24, 2013, nchi 11, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwemo, zilitia saini mjini Addis Ababa mkataba wa mfumo wa amani kwa ajili ya Kongo, na mwezi uliofuata Robinson akateuliwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu kuusimamia. Aliuita mfumo wa matumaini. Alisisitiza wanawake wa Goma na Bujumbura wakae mezani na kuhoji marais wanatimiza walichosaini au la. Novemba 2013 M23 ikashindwa vitani, na kikosi chenye askari wa Tanzania kilikuwamo kwenye kazi hiyo. Katikati ya 2014 yeye akahamishiwa masuala ya tabianchi. Ahadi za kisiasa za Addis nyingi zilibaki kwenye karatasi, na Januari 2025 M23 wakaingia Goma tena.

Hakukosa kuteleza. Desemba 2018 alikula chakula Dubai na Binti Latifa, aliyekuwa amejaribu kumtoroka baba yake, mtawala wa huko, kisha akamwelezea hadharani kama kijana mwenye matatizo anayehitaji huduma. Mwaka 2021 zilipotoka video ambamo Latifa anasema amefungiwa, Robinson alikiri kwamba alidanganywa vibaya. Wakili wa mama Airey alipaswa kuuliza maswali zaidi pale mezani.

Nilipomaliza kuyaandika haya kwenye kundi, vipande vipande, nikidhani nimeeleweka, likaja swali: haya, na huyo Taoiseach wa sasa ni nani? Nikajibu ni Micheál Martin, ila kwa makubaliano ya vyama vyao inatakiwa Novemba 2027 ampishe Simon Harris. "Yaani wanapokezana kiti?" Nikaweka simu kwenye chaji.